Nilifunga Kula, Mfupa Ukagoma

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe tena, maana leo nimesimama hapa mbele bila kushikwa na mtu.

Mnanijua, mimi Kadzo, fundi cherehani wa hapa Malindi. Nilivunjika mguu wa kushoto nikiwa mdogo kule Kaloleni, ukapona ukiwa mfupi. Mwaka jana daktari aliukata mfupa, akaufunga vyuma kwa nje, nami kila siku nikazungusha skrubu kidogo kidogo ili mguu urefuke. Ukarefuka! Lakini lile pengo la katikati lilitakiwa kujaa mfupa mpya, na halikujaa. Picha ya eksirei ilionyesha weusi mtupu, na mguu umeanza kupinda kwa ndani. Daktari akasema pengo lisipojaa, atanipasua tena.

Ndugu zangu, niliogopa! Kila nikiugusa ule mguu naona umepinda zaidi. Nikasema hapa dawa ni kufunga. Nikafunga majuma matatu, kutwa maji, jioni kikombe cha uji. Sikumwambia mtu. Nilijiona shujaa wa imani, kumbe!

Narudi kupigwa picha, pengo ni lile lile. Daktari akanitazama mashavu. "Mama, unakula kweli?" Nikamwambia nimefunga. Akasema, "Sasa huo mfupa utajengwa na nini?" Nilikasirika, jamani! Nikamwona mtu asiye na imani. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mchungaji, nikitaraji anisifu. Weee! "Kadzo, nani alikutuma ufunge na hali hiyo?" Akasonga sima papo hapo, akanipakulia samaki na mchicha, akaketi mbele yangu hadi sahani ikaisha. Nilikula huku nalia, kwa hofu na kwa aibu.

Daktari akaunyoosha mguu kwa vile vile vyuma, nami nikala na kuomba. Kila picha nilikwenda nikiogopa. Ya tatu ikaonyesha weupe, hafifu, lakini mfupa! Mwezi uliopita vyuma vilitoka. Visigino vyote viwili vinagusa sakafu, haleluya!

Sitawadanganya, bado naogopa. Kila asubuhi nautazama kama umenyooka. Lakini nashukuru. Nilimlilia Mungu anipe mfupa, naye alikuwa ananipa kila siku, mezani, mimi nasukuma sahani. Wewe unayeogopa leo, mtegemee. Na kama una mgonjwa nyumbani, mwombee, halafu mpikie.