Sahani ya Tatu ya Ghislain Kyungu

Ghislain Kyungu alizaliwa Lubumbashi tarehe 4 Juni 1979, mtoto wa Papa Bienfait Kyungu na Maman Paula. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Hata pondu ya mama yake, yaani kisamvu, aliulizia imepikwa dakika ngapi. Alihitimu baiolojia huko huko mwaka 2003, na mwaka 2005 akaja Brussels kuendelea na masomo.

Tarehe 12 Julai 2008 alifunga ndoa na Inès, wakahamia Evere, hapa hapa Brussels. Kupika alikuwa hajui, ila sahani aliziosha vizuri kupita sisi sote.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi wa maabara. Alitumia virusi vilivyoondolewa makali kupeleka ujumbe ndani ya seli, ili jeni moja inyamazishwe na kazi yake ijulikane. Seli ziliwekwa katika sahani tatu za maabara. Ya kwanza haikupewa virusi. Ya pili ilipewa virusi vyenye ujumbe, ya tatu virusi vyenye ujumbe usio na maana. Machi 2019, seli za sahani ya pili zilikufa na wakubwa wakafurahi, kwani walidhani wameipata kazi ya jeni ile. Ghislain akawaonyesha kuwa za sahani ya tatu zilikufa pia: virusi vilizidi, vikaziua vyenyewe. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Juni, lakini alisema. Kazi ikarudiwa kwa virusi vichache, na matokeo yakawa madogo na ya kweli.

Wiki hiyo hiyo Papa Bienfait alifariki Lubumbashi. Ghislain aliwaambia ndugu kuwa amenyimwa ruhusa ya kwenda mazishini. Haikuwa kweli. Alipewa siku kumi, akabaki kwa hofu kwamba sahani zingetupwa nyuma yake.

Machi 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Maman Paula alipofika hospitalini, Ghislain alimwambia ukweli wote wa ruhusa ile.

“Nilijuaka tangu siku ile,” mama akajibu. “Papa yako naye alikuwaka mubishi. Bon, kula kwanza.”

Akala. Kisha akamgeukia dada yake, Anne-Marie: “Donc, siku yangu ikifika, usinisifu tu. Weka na sahani ya tatu.”

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025. Ameacha mama, mke, watoto wawili, Océane na Dady, na dada huyo anayesoma haya, ambaye alitaka kuificha habari ya msiba wa baba akashindwa. Sahani ya tatu imewekwa, Ghislain, na bado tunakusifu. Lala salama.