Mwenge wa Ijumaa wa Gerezani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Leo tunamkumbuka Mzee Abdulla bin Nasor, aliyezikwa Jumanne. Wengi mlimjua kama mfanyabiashara. Mimi nataka mmjue kwa uamuzi mmoja.

Turudi miaka ya thelathini, wakati wa Mwingereza. Abdulla alikuwa na mtambo wa gesi mtaa wa Gerezani, yeye na mwenzake Leodegar, Mchaga aliyeshuka kutoka Kilimanjaro. Mawe ya karabai yaliingia kwenye maji, gesi ikatoka, ikapita kwenye mabomba hadi karakana za wachomeleaji vyuma. Mawe yakishalowa, huwezi kuyaambia yanyamaze. Gesi itatoka tu.

Siku za kawaida hapakuwa na neno. Huyu akifunga, yule anatumia. Kinachobaki kilitolewa juu kwa bomba fupi, upepo ukakichukua.

Lakini Ijumaa, wasikilizaji wapendwa, karakana zote zilifunga kwa pamoja. Watu wanakwenda kuswali, mtambo hausimami. Leodegar alibaki, akafungua bomba, gesi yote ikamwagika mtaani. Na gesi ile ilinuka kitunguu saumu.

Ijumaa moja hewa ilisimama kimya. Abdulla alikuwa ameketi msikitini, hotuba bado. Jirani yake akamnong'oneza, "Leo pilau ya nani hii? Vitunguu saumu vyote vimeishia humo!"

Abdulla akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka. Kila Ijumaa watu walisifia pilau ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuila.

Akasimama. Akaruka magoti ya watu. Nyuma ya ukuta wa mtambo alikaa Bi Waridi, muuza bagia, na Bi Waridi aliwasha jiko lake ili watu wakitoka msikitini wakute bagia za moto. Abdulla alikimbia miguu peku, kanzu ameikusanya mkononi.

Alimkuta ameinama, kibiriti mkononi.

"Bi Waridi, usiwashe!"

"Makubwa! Kwani kuni nimekuibia?"

"Weka kibiriti chini."

"Mume wangu haniamrishi jikoni, sembuse wewe uliyekimbia swala!" Akatoa njiti.

Abdulla hakuwa mtu wa kumwomba mtu. Siku ile alipiga magoti vumbini. "Dada yangu, nakuomba. Harufu hiyo si pilau. Ni gesi yangu."

Bi Waridi alinusa. Aliitazama ile njiti. Akairudisha ndani ya kibiriti taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Jioni Abdulla alimwambia mwenzake, "Tunajenga bomba refu, lipite mapaa yote. Juu yake tunawasha mwenge, gesi ya ziada iungulie huko. Chini tunaweka maji, moto usirudi mtamboni."

Leodegar akashangaa. "Abdulla, moto ndio tunaoukimbia, sasa tuupandishe juu wateja wauone? Mbona miaka yote haijatokea kitu?"

"Upepo ndio uliotusaidia, tukadhani ni akili zetu. Gesi kidogo, penye upepo, iache iende. Lakini ikitoka nyingi kwa mkupuo, na watu wanapika hapo chini, lazima iungue. Heri moto ninaouona kuliko ule atakaouwasha Bi Waridi."

Mwenge ukajengwa. Watu wakamcheka. Walimwita Abdulla Mchoma Hewa. Wateja wawili wakahama kwa hofu. Bintiye, Bi Thuraya, ametuambia: "Baba jina lile lilimuuma sana. Mama akimwambia awaeleze watu, anasema, 'Nikianza kujitetea, wataniomba niuzime.'"

Hakuuzima. Kila Ijumaa uliwaka. Hakuna nyumba iliyoungua, wasikilizaji wapendwa. Hakuna nyumba iliyoungua, na kwa hiyo hakuna aliyekuja kumshukuru.

Kwa Bi Thuraya, ndugu zake na wajukuu wote, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amlaze mzee wetu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, uwe fundi, uwe mwenye duka, jiulize kabla hujalala: kile unachokiachia kiende na upepo, siku upepo ukikosekana, kitamfikia nani?