Zahanati Isiyo na Ndani

Mgeni rasmi, pamoja na wote uliofuatana nao, wakazi wa mtaa huu wa nyuma ya ghala wamenituma mimi babu yao niwasomee risala yao. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikipinda njiani mnivumilie. Nitafika.

KARIBU

Karibu sana. Hicho kiti ulichokalia ni cha Kinyozi wetu. Ndicho kizuri kuliko vyote tulivyo navyo.

TULIKOTOKA

Mwaka juzi walikuja watu wa filamu. Filamu ya kuchekesha: kuna mtunzi, na kila anachoandika kinatokea. Akiandika mvua, inamnyeshea hapo hapo mezani. Watu aliowatunga wanamfuata nyumbani kulalamika, huyu kapewa pua ndefu, yule kanyimwa mke. Kinyozi wetu akapewa kuigiza daktari. Akamwambia mtunzi, "Bwana, ukinitungia mgonjwa, nitungie na dawa." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

MAFANIKIO

Kwa ajili ya filamu hiyo wakajenga zahanati ya mbao, ya mbele tu. Ukuta, dirisha, mlango, maandishi makubwa. Nyuma yake majani. Walipotaka kuibomoa tukawaomba waiache. Ilipendeza, na mtaa ukaonekana una kitu. Kosa hilo ni letu, hatumsingizii mtu.

CHANGAMOTO

Akaja karani wa ofisi yenu kuhesabu huduma. Hakushuka garini. Akaandika zahanati ipo. Tangu hapo kila tukiomba zahanati tunajibiwa tunayo.

Wagonjwa nao wakaanza kuja. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, muuza mkaa wa ng'ambo ya reli alimleta mkewe kwa mkokoteni, uchungu umemshika tangu jana yake. Kinyozi akatoka kibandani kwake na povu la kunyolea mikononi. Yule mama alipomwona akatabasamu, maana filamu alishaiona. Kinyozi akamwambia yeye ni kinyozi tu, jamani.

"Hata kule kwenye filamu ulianza kwa kukataa hivyo hivyo," mama akasema. "Fungua, baba."

Akafungua. Angefanya nini? Wote wakaona majani, na mbuzi wa jirani anakula.

Hospitali ya kweli iko huko huko ng'ambo ya reli, mwendo wa saa mbili. Hata reli hawakuivuka. Mama na mwanawe tukawazika pamoja.

Tangu siku hiyo Kinyozi hanyoi. Anashinda pale mlangoni, akiona mgonjwa analetwa, anasimama na kuwaambia: "Humu hamna ndani, ndugu. Nendeni wakati bado ana nguvu." Ndiyo maana kiti chake leo kimepata nafasi ya kukukalisha wewe.

OMBI

Wenzangu waliandika maombi saba. Nimeyakunja, nabaki na moja. Kubomoa tunaweza wenyewe, lakini kwenye karatasi zenu itabaki imesimama. Kalamu unayo, naiona hapo mfukoni mwa shati. Andika kwamba hatuna. Kisha mtujengee yenye ndani.

Jana nilimuuliza Kinyozi kama ana neno la kuongeza.

"Mwambie wagonjwa tunao," akasema. "Bado dawa."

Mungu akufikishe kwako salama, na akuepushe kuugua ukiwa huku kwetu.

Ni sisi wakazi wa mtaa wa nyuma ya ghala, ambao hatukutungwa na mtu.