Marehemu Devotha Kokushubila, Aliyemrudisha Bi Chiku Kitini

Devotha Kokushubila, tunayemlaza leo hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 Kamachumu, mkoani Kagera, mtoto wa nne wa mzee Kajuna. Mama alisema siku hiyo mvua ilinyesha sana, ila mama alisema hivyo kwa watoto wake wote.

Alisoma shule ya msingi nyumbani, sekondari Bukoba, na mwaka 1994 akahitimu utabibu wa meno Dar es Salaam. Utotoni aliwahi kumng'oa kaka yake jino kwa uzi na kitasa cha mlango. Kaka huyo ndiye anayewasomea hapa, na jino lilikuwa zima.

Alifika Mafia mwaka 1996, akasema atakaa miaka miwili tu. Mwaka 2017 akafungua chumba chake cha meno, akawa anavika meno yaliyovunjika kofia za kauri, nyeupe kama jino lenyewe. Zilichongwa Dar es Salaam, zikaja kwa ndege, naye akazifunga kwa gundi yake. Gundi hiyo haitaki mate. Jino lililokwisha kuandaliwa likiguswa na mate, unaanza upya.

Alifunga ndoa na Mwalimu Wilbrod tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa Edwin na Benedicta.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, naye hakuacha kazi. Februari mwaka huu alikuwa akimfunga kofia Bi Chiku wa Juani, mkulima wa mwani. Bi Chiku akafumba mdomo kidogo, mate yakaingia. Devotha alikuwa na kizunguzungu. Hakuanza upya, akafunga hivyo hivyo.

Tiketi yake ya kwenda matibabu Dar es Salaam ilikuwa tayari. Hakupanda ndege.

"Mama Edwin, jino limeshika, mwache mama wa watu," Wilbrod akamwambia.

"Limeshika leo. Likiachia amelala, litaingia kwenye njia ya hewa."

Siku kumi na moja alimtafuta kwa simu. Bi Chiku akaja akicheka.

"Shikamoo daktari. Jino hili natafunia muwa."

"Marahaba. Nilikosea, Bi Chiku. Kaa."

"Ungeninyamazia ningejuaje?"

"Usingejua."

Kama kofia ingeshika kweli, ingebidi kuikata na kungoja nyingine. Aliigonga mara moja tu, ikatoka nzima. Akasafisha, akakausha, msaidizi wake Sabra akinyonya mate, Wilbrod amemshika kiwiko ili mkono utulie. Akapaka gundi, akaishikilia kofia, akaimulika kwa taa ya bluu ya kugandisha gundi, upande mmoja, kisha wa pili. Kazi ilipokwisha akakaa sakafuni.

Lilikuwa jino lake la mwisho. Alifariki tarehe 2 Juni 2025 akiwa nyumbani.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu zake. Ameacha na agizo. Februari ile, kabla ya kumrudia Bi Chiku, aliwafunga kofia watu wengine wawili, na hakuuamini mkono wake. Abubakari wa Kanga amekwisha kaguliwa, yu salama. Amebaki Iddi, mvuvi wa kambi ya Shungimbili, ambaye simu yake haipatikani. Anayemjua amwambie asitafunie upande wa kushoto, aje kwa Sabra.

Tukimpata Iddi, Devotha atapumzika kwa amani kamili. Mungu ampokee tangu sasa.