Maneno Niliyomkaririsha Mjukuu Wangu

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa tisa na robo alasiri, ndipo mdogo wenu, kitinda mimba wangu, alipouawa jikoni kwake, na mumewe ndiye aliyeko rumande. Hilo mnalijua. Sikilizeni, wanangu, msilolijua, maana naogopa kufa nalo kuliko ninavyokiogopa kifo chenyewe.

Mwanawe, huyu mjukuu wangu wa miaka tisa, alikuwa uani. Alimwona baba yake akitoka jikoni, akanawa mikono bombani, akanawa tena, kisha akamwambia, "Nenda kwa bibi." Basi. Hakuona pigo. Nami, niliyewakaririsha watoto wa watu sala miaka thelathini, nikaona ushahidi huo ni mdogo, nikamkaririsha wangu: kila jioni aseme alichungulia dirishani, akaona nyundo ikipanda na kushuka. Akikosea, arudie. Mungu anisamehe, nilimfundisha uongo kwa sauti ileile ya sala.

Juzi mama wa ustawi wa jamii alikuja kumwandaa. Akamweleza kwamba atakaa chumba cha pembeni, mbele ya kamera, asimwone baba yake, na jina lake halitaandikwa gazetini. Mtoto akauliza, "Nikibanwa na mkojo je?"

"Unasema tu, mwanangu. Hata jaji atangoja."

Tukacheka. Alipoambiwa aeleze, akasimama wima, akaanza, "Marehemu mama yangu mpendwa..." Yule mama akaweka kalamu chini, akanigeukia. "Bibi, haya ni maneno ya nani?"

Sikukiri kwamba ni yangu. Hadi leo sijamwambia.

Chumba kile na kamera ile vitamkinga na baba yake. Hakuna cha kumkinga na mimi. Wakili wa baba yake atauliza dirisha liko wapi, na jiko lile halina dirisha upande wa uani. Mtoto ataitwa mwongo, na baba atatoka, aje hapa kudai mwanawe.

Wewe mkubwa, andika ninavyosema, umpelekee mwendesha mashtaka kesho asubuhi. Usiniambie tena, "Mama, yule ni baba yake, tuyamalize humu ndani." Tuyamalize na nani, wakati mwenye kudai haki yuko kaburini? Na wewe, binti yangu, mtoto nakuachia wewe. Chumba changu na cherehani ni vyake. Msimhoji. Aseme alichokiona tu, hata kama ni mikono na maji. Akisema, "Bibi alinifundisha," msimkanye.

Niinueni... polepole. Nipeni kalamu nitie sahihi, mkono ungali unanitii. Hapa? Haya... imetosha. Mungu awape moyo wa kusema kweli mkiwa mnatetemeka.

Ee Mungu, mpokee binti yangu. Mpumzishe mahali asipoogopa hatua za mtu mlangoni. Uongo ulikuwa wangu... usiuweke juu yake, wala juu ya mwanawe. Amina.