Marehemu Zebedayo Shekigenda, Fundi wa Kusubu Alumini, Maramba

Marehemu Zebedayo alizaliwa Mlalo tarehe 3 Machi 1909, mtoto wa pili wa mzee Shekigenda. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha baba yake alipofariki.

Mwaka 1931 alishuka Tanga mjini, akajifunza kusubu madini katika karakana. Mwaka 1934 alimwoa Yudith. Baada ya vita walihamia Maramba, akajenga tanuri lake. Aliyeyusha pistoni kuukuu za magari kwa makaa na mvukuto, akamimina kwenye kalibu za mchanga mkavu, akatoa sufuria na miiko. Aliipenda alumini kwa kuwa ni nyepesi, hupokea moto upesi na haishiki kutu hata kwa chumvi ya pwani. Alipouza sufuria alionya, "Mama, usilaze ukwaju humu, utaila sufuria."

Mwaka 1953 usharika ulitaka kengele. Waumini walitoa sufuria zao ziyeyushwe. Zebedayo alimwambia kiongozi wa wazee wa kanisa, Mzee Abrahamu, "Mzee, alumini hii haina mlio. Kengele inataka shaba."

"Mnara wetu wa miti utabeba shaba? Wewe fundi, si nabii. Subu."

Akasubu. Jumapili kamba ilipovutwa, ilisikika kama ubao uliogongwa. Watu walicheka mpaka nje. Dada mmoja alimwuliza, "Shemeji, sufuria yangu ndiyo ile bubu?" Tangu hapo wakamwita Fundi Bubu. Kazi za mashamba ya mkonge zikaenda kwa wengine.

Mzee Abrahamu alimsihi asiseme nani aliamuru, naye hakusema. Aliiyeyusha kengele, na kwa kuwa sehemu ya alumini hupotea kila inaporudi motoni, akaongeza pistoni zake mwenyewe. Kila nyumba iliyotoa sufuria ikapata nyingine. Jina lake jema halikurudi.

Baada ya Pasaka mwaka huu aliugua kifua. Mwanawe Luka alimwuliza, "Baba, kwa nini hujitetei?" Akajibu, "Mzee Abrahamu ana wajukuu. Watamcheka." Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni 1957, alfajiri.

Jana Mzee Abrahamu alikuja matangani. Yudith alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Aliketi mkekani, akasema mbele ya watu wote, "Fundi alinikataza. Mimi nilimlazimisha."

Yudith akamjibu, "Maneno hayo, mzee, mwenzangu aliyangoja miaka minne."

Familia imeamua haya yasomwe hapa kaburini, naye Mzee Abrahamu ameridhia. Kunyamaza ili mwingine abebe aibu yako ni dhambi, na kucheka bila kuuliza ni dhambi pia. Wengi wetu hapa tulicheka.

Marehemu ameacha mjane, Yudith; watoto watatu, Luka, Elizabeti na Mboni; na wajukuu wawili. Wasiitwe tena watoto wa Fundi Bubu. Baba yao alijua kazi yake, na alisema mapema.

Bwana ampe pumziko ambalo sisi tulimnyima.