Sosthenes Aroni Mgaya, Mpiga Picha wa Treni za Mizigo (1957–2025)

Sosthenes Aroni Mgaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa Ilula, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Aroni Mgaya na mama Rabeka. Alibatizwa mwaka huo huo katika usharika wa Kilutheri wa nyumbani. Wazazi wake walilima nyanya na vitunguu, na waliokua naye watakumbuka kwamba marehemu hakuwa na mkono wa jembe hata kidogo. Akitumwa kumwagilia bustani, alikutwa kando ya barabara kuu akihesabu matairi ya malori. Treni alikuwa hajaiona, maana Ilula haina reli, na Iringa mjini nako haipo.

Alianza shule ya msingi hapa Ilula mwaka 1965 na kuimaliza mwaka 1971, kisha akasoma sekondari mjini Iringa hadi kidato cha nne, mwaka 1975. Mwaka mmoja kabla ya kumaliza alikwenda likizo kwa shangazi yake Makambako, ambako reli ilikuwa mpya kabisa. Asubuhi moja alitumwa mkate. Alirudi jua likizama, mikono mitupu, shati limejaa vumbi la kokoto.

"Mkate uko wapi, wewe?" shangazi akamwuliza.

"Shangazi, kimepita kichwa kikubwa kama kanisa," akajibu.

Watu wa reli huiita kichwa ile injini inayovuta mabehewa. Shangazi alicheka mpaka akasahau kumchapa, na familia ililala bila mkate siku hiyo.

Mwaka 1976 marehemu alijifunza kazi ya picha kwa mzee Yunusu, mfanyabiashara mwenye asili ya Pwani aliyekuwa na studio Miyomboni, Iringa. Mzee Yunusu alimfundisha kuosha filamu gizani na kukata picha za pasipoti, na alimkanya jambo moja kila wiki: mteja mwenye makengeza apewe picha yenye makengeza, kwa kuwa uso ni wake. Septemba 1981 marehemu alihamia Mbeya akafungua studio yake Mwanjelwa. Harusi, kipaimara na misiba ndivyo vilivyomlisha. Lakini kila Alhamisi mlango wa studio ulikuwa na kufuli, na kila mtu pale sokoni alijua mwenyewe yuko relini.

Huko alipiga picha za treni za mizigo na za vichwa vya zamani vya dizeli, vile vya kwanza vilivyoletwa kutoka China. Alivipenda kwa namna ambayo wengi wetu hatukuielewa na wachache tuliionea wivu. Alipoulizwa kwa nini hapigi treni ya abiria, alisema abiria wana ndugu wa kuwapiga picha, mzigo hauna mtu. Alikaa juu ya tuta la reli na kiazi chake cha kuchoma mfukoni, saa tatu, saa nne, wakati mwingine siku nzima, na treni isipokuja alirudi nyumbani bila kinyongo. Nyuma ya kila picha aliandika tarehe, saa, mahali na jina la dereva. Mara mbili polisi walimkamata wakidhani ni mpelelezi. Mara zote mbili aliachiwa, na askari wakamfuata studio wiki iliyofuata kupiga pasipoti.

Jumamosi tarehe 17 Aprili 1982 alikuwa kwenye tuta upande wa Inyala, amevaa sweta jekundu alilofumiwa na mama yake kwa ajili ya baridi ya Mbeya. Ukungu ulipopanda, ikatokea treni ndefu iliyobeba shaba ikielekea Dar es Salaam. Marehemu akapiga picha yake, kisha kwa furaha akalivua sweta akalipunga hewani kumsalimu dereva. Sasa mtu wa reli akiona kitambaa chekundu kinapungwa kando ya njia, hana mjadala, anasimama. Dereva akabana breki zote. Mabehewa yakalia mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Dereva, kijana mrefu aitwaye Abrahamu Mwasenga, akateremka roho mkononi.

"Kuna nini mbele? Reli imekatika?"

"Hapana, kaka. Nilikuwa nasalimia tu."

"Unasalimia? Tani elfu moja unazisalimia kwa sweta?"

Abrahamu alimtukana kwa Kiswahili, na kilipomwishia akaendelea kwa Kinyakyusa. Kisha akaiona kamera, akauliza kama na yeye ametokea kwenye picha. Wiki iliyofuata alikwenda Mwanjelwa kuifuata, wakawa marafiki. Tangu hapo madereva wote wa upande ule walimfahamu mtu wa sweta. Wakimwona kwenye tuta, walimpigia honi mbili fupi.

Katika kwenda na kurudi nyumbani kwa Abrahamu kule Iyunga, marehemu alimwona Paskalina, mdogo wake Abrahamu. Ghafla picha za familia ya Mwasenga zikawa zinahitaji kupigwa kila mwezi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Septemba 1984 jijini Mbeya, na Abrahamu ndiye aliyesimama badala ya baba yao aliyekuwa ameshafariki. Mungu aliwajalia watoto wawili, Happy na Isaka. Ilikuwa nyumba ya utani mwingi. Paskalina alizoea kusema ameolewa mke wa pili, mke mkubwa anakunywa dizeli.

Lipo jambo katika maisha ya marehemu ambalo familia imelizungumza kwa sauti ya chini kwa miaka ishirini na moja. Leo linasemwa kwa sauti.

Jumanne tarehe 11 Mei 2004 kichwa kimoja cha zamani, ambacho madereva walikiita Bibi, kilitoka matengenezo na kupewa treni ya mizigo. Dereva alikuwa Abrahamu. Marehemu alisikia habari hizo, akafunga studio siku isiyo Alhamisi, akaenda kusimama karibu na kituo kidogo kati ya Igurusi na Mbeya, hatua chache mbele ya mlingoti wa ishara. Mlingoti huo una mkono wa chuma. Mkono ukishuka, treni inapita; ukinyooka, treni inasimama. Bibi alikuja, marehemu akapiga picha, Abrahamu akapiga honi zake mbili na kupita. Nusu kilomita mbele treni ikagonga kiberenge, kigari cha reli cha mafundi wa njia. Mafundi waliruka, isipokuwa Masumbuko, ambaye alivunjika mguu na anatembelea gongo hadi leo.

Abrahamu aliieleza kamati ya uchunguzi kwamba mkono ulikuwa umeshuka. Hakuwa akisema uongo kwa kukusudia. Alijiaminisha hivyo, kwa sababu katika miaka ishirini na mitano ya udereva hakuwahi kuipita ishara. Basi kosa likamwangukia mtu wa ishara, kijana aitwaye Zabron mwenye watoto watatu wadogo. Akasimamishwa kazi.

Ukoo mzima wa Mwasenga ulijua kwamba shemeji alikuwepo na kamera, wakashangilia. Ushahidi si huo? Alhamisi marehemu akaiosha filamu, akaiona picha yenyewe. Alisema baadaye kwamba ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Bibi amejaa kwenye picha, jua limemkaa usoni. Mlingoti uko pembeni, mkono umenyooka kabisa kuikinga njia, kama wa askari wa barabarani. Na dirishani Abrahamu anacheka, mkono juu, macho yake hayako kwenye ishara wala kwenye njia. Yako kwa shemeji yake.

Paskalina ndiye aliyekuwa wa kwanza kuoneshwa. Akaiangalia, akakaa kitako.

"Baba Happy, hiyo ni karatasi tu," alisema. "Kaka yangu ni mtu."

"Zabron naye ni mtu, Mama Happy."

Ijumaa marehemu aliipeleka picha Iyunga, pamoja na filamu yake. Aliviweka mezani mbele ya Abrahamu. Abrahamu alitazama, ndipo akajua kwamba hakuwa ameitazama ishara hata kidogo.

"Shemeji," marehemu alisema, "sitaipeleka mimi, na sitaichoma. Ni yako. Lakini Jumatatu kamati ikikaa tena, wakiniita nitasema nilichokiona."

"Wewe ndiye uliyeniita kwa macho," Abrahamu akamjibu. "Sasa unaniuza?"

Marehemu aliaga akaondoka kwa miguu, kutoka Iyunga hadi nyumbani.

Jumatatu Abrahamu aliipeleka picha mwenyewe, akaiweka mbele ya kamati. Zabron akarudi kazini. Abrahamu aliondolewa kwenye udereva wa njia kuu akapelekwa kusukuma mabehewa ndani ya uwanja wa stesheni, mbele na nyuma, miaka kumi na miwili, mpaka alipostaafu mwaka 2016. Katika muda huo wote hakumsemesha marehemu. Kwenye harusi ya Happy walikaa meza moja, wakapitishiana chumvi kwa kumtumia Paskalina. Paskalina aliumia kuliko wote wawili. Alikuwa na mume mwenye haki na kaka mwenye hasira, na kila Krismasi alipika sufuria mbili.

Siku Abrahamu alipostaafu, Zabron alimfuata akamweleza asichokijua. Jumatatu ile, baada ya Abrahamu kutoka na Zabron akiwa bado ndani, marehemu aliingia kwenye kamati bila kuitwa. Alisema kosa ni lake pia, kwamba alisimama mahali ambapo mpiga picha hapaswi kusimama, na dereva asingeyatoa macho njiani kama yeye asingekuwepo. Aliomba liandikwe, likaandikwa. Ndiyo sababu Abrahamu alihamishiwa uwanjani na hakufukuzwa. Na ni kweli, toka mwaka 2004 marehemu hakupiga tena picha karibu na mlingoti wa ishara, hata wa njia iliyofungwa.

Mtu angetegemea Abrahamu aende Mwanjelwa siku hiyo hiyo. Hakwenda. Kiburi ni ugonjwa, na yeye aliuugua miaka mingine minne baada ya kuujua ukweli.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2013. Kufikia mwaka 2020 macho yake yalikuwa yamefifia. Alikuwa anaona treni, lakini namba zake hazioni. Februari mwaka huo Paskalina alimpigia simu kaka yake akamwambia sentensi moja, "Kaka, hawezi kusoma namba tena," akakata.

Alhamisi iliyofuata Abrahamu alipanda tuta pale Inyala akakaa pembeni ya shemeji yake. Hawakusalimiana. Treni ilipopita, Abrahamu alisoma namba ya kichwa na kutaja jina la dereva kwa sauti, marehemu akaandika. Hivyo ndivyo walivyoanza upya, na hivyo ndivyo walivyoendelea kila Alhamisi kwa miaka mitano, wakigawana kiazi. Waligombana sana juu ya vichwa. Marehemu alivitambua kwa mngurumo kabla havijaonekana, na Abrahamu, dereva mzima, alishindwa mara nyingi zaidi ya anavyopenda kukiri. Walizungumza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Abrahamu alikuwa nacho mdomoni kila wiki, na kila wiki alikimeza.

Mwezi Mei mwaka huu figo za marehemu zilishindwa kazi. Alilazwa hospitalini Mbeya, akahudumiwa vizuri na wauguzi ambao familia inawashukuru kwa dhati. Alifariki Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, Paskalina akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Aliomba azikwe Ilula karibu na mama yake, na alipoulizwa kama hatasikitika kuwa mbali na reli, alisema ameisikia vya kutosha.

Ameacha mjane, Paskalina; watoto wawili, Happy na Isaka; wajukuu sita; ndugu zake wanne walio hai; shemeji yake Abrahamu; na picha elfu kumi na moja na mia tatu, zote zimeandikwa nyuma.

Wiki tatu kabla ya kifo chake, Happy alimwuliza angependa nani amsomee wasifu. Marehemu alitaja jina moja, akaongeza, "Mwambieni asinirembe. Na ile ya ishara asiiruke."

Aliyetajwa ni Abrahamu Mwasenga. Ndiye aliyeiandika karatasi hii, na ndiye anayewasomea. Ana umri wa miaka sitini na tisa, na alikuwa na Alhamisi zaidi ya mia mbili za kulisema neno hili shemeji yake akiwa pembeni yake, akisikia. Analisema leo, mbele ya dada yake, mbele ya Masumbuko, na mbele ya Zabron aliyesafiri kutoka Tunduma:

Shemeji, hukuniuza. Nilikosa mimi, kisha nikakunyima salamu miaka kumi na sita kwa sababu ulinionesha uso wangu. Nisamehe. Pumzika, Sosthenes.